Glovu za Wageni

SEHEMU YA TISA

Chafya ya pili ndiyo iliyoharibu mambo.

Ile ya kwanza Bosi Dastani aliifunika kwa kikohozi, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hii ya pili ilitoka nyuma ya mlango wa stoo ya magunia ikiwa nzima nzima, na mwenye nayo akaimalizia kwa sauti: "Alhamdulillahi!"

Bi Josephina, mkaguzi wa usalama kazini, akainua kalamu kwenye karatasi.

"Nani yumo humo?"

"Panya, mheshimiwa."

"Panya anapiga chafya?"

"Vumbi la magunia hilo. Linawatesa sana."

"Na akimaliza anamshukuru Mungu?"

Dastani akaanza kukohoa upya.

Hapo ndipo tulipomwacha Shakila: mbele ya mlango, rundo la funguo mkononi, bosi kulia, serikali kushoto. Wiki nzima mtoto wa watu amesimama pale pale, na leo lazima achague.

Kwa uliyechelewa kujiunga nasi, Shakila ni mtunza stoo wa Mng'aro, kiwanda cha kubangua korosho kando ya barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Kiwanda kina wabanguaji tisini na glovu jozi ishirini na nne. Glovu hizo hukaa kabatini chini ya kufuli. Gari la mgeni likionekana getini, zinagawiwa. Likiondoka, zinakusanywa, zinahesabiwa, zinarudi kulala. Wafanyakazi waliziita glovu za wageni. Siku nyingine zote watu wanabangua kwa mikono mitupu, na mafuta ya maganda ya korosho hayabembelezi ngozi. Yanaichuna.

Mkaguzi alitarajiwa Alhamisi. Akaja Jumanne. Dastani akawavisha glovu watu ishirini na nne, akawatoa hamsini nje wajifanye wanapalilia mikorosho ya kiwanda, na kumi na sita waliobaki, kwa kukosa muda, akawasukumia stoo na kuamuru wafungiwe.

Alichosahau ni kwamba stoo ile ina mifuko ya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, mingine imepasuka. Shakila hakusahau. Ndiye aliyeipanga.

"Shakila," Dastani akanong'ona bila kugeuza shingo, "kumbuka nani alikupa kazi."

Shakila alikumbuka. Alimkumbuka mama yake kule Nkowe na wanawe wawili, ambao wote watatu walikula kwa sababu yeye alijua kunyamaza. Kazi ya stoo, aliambiwa siku ya kwanza, ni kutunza vitu na kutunza mdomo.

Halafu akasikia mtu anatapika huko ndani.

"Bosi, utanisamehe," akasema, na ufunguo ukazunguka.

Watu kumi na sita wakamwagika nje, wa njano kuanzia nyusi hadi kandambili, macho yanachuruzika machozi. Mama mmoja akaketi chini palepale na kuanza kuhema kama aliyetoka kisimani kwa mbio.

Mtu mwingine angezimia kwa aibu. Dastani alipiga makofi.

"Hongereni sana! Zoezi limefana!" Akamgeukia mkaguzi na tabasamu pana. "Mheshimiwa, umetukuta kwenye zoezi la dharura ya moto. Hapa kwetu usalama kwanza."

"Zoezi la moto mnawafungia watu ndani kwa ufunguo?"

"Hiyo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuwafungulia. Umejionea mwenyewe, tumefaulu."

Bi Josephina akaandika. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, amevaa buti zilizochakaa kuliko za mkulima, na alikuwa na tabia moja iliyomtia Dastani homa: hakuwahi kugombana na mtu. Aliandika tu.

Wa mwisho kutoka stoo alikuwa Ignasi.

Alibeba ubao kifuani, rangi haijakauka. Mkono wa kushoto ulishika brashi. Wa kulia ulifungwa kitambaa, na penye vidole viwili vya mwisho kitambaa kilikuwa kimelala bapa, hakina cha kushikilia. Kwenye ubao, kwa herufi kubwa za kupindapinda, palisomeka: SIKU 412 BILA AJA

"Bado herufi mbili," Ignasi akamwambia mkaguzi kwa adabu. "Humo ndani giza."

Wiki tatu nyuma, ni Shakila aliyeufunga mkono ule kwa khanga yake mwenyewe, damu ikimtiririka kiwikoni, mashine namba tatu bado inanguruma. Kifuniko cha kukinga mikono kilikuwa kimeng'olewa ili mashine iwe inakula korosho haraka. Ikala na vidole. Shakila aliandika ajali ile kwenye kitabu cha ajali. Kesho yake Dastani akaja na kitabu kingine, kipya, na kile cha zamani hakikuonekana tena.

"Mkono umepatwa na nini, kaka yangu?" Bi Josephina akauliza.

Watu wote wa njano wakatazama chini.

Ignasi akamtazama Dastani. Dastani akatazama dari. Kati yao wawili palikuwa na karatasi iliyotiwa dole gumba, na ahadi kwamba Rosa, mke wa Ignasi, angeingizwa idara ya kufungasha mwezi ujao.

"Nilikuwa nachanja kuni," Ignasi akasema. "Nyumbani."

Shakila alihisi kama kapigwa kofi. Amefungua mlango, kajitoa mhanga, na mwenye mkono mwenyewe anauficha!

"Kuni!" Dastani akadaka. "Nimewaonya sana hawa watu kuhusu kuni, mheshimiwa. Majumbani mwao usalama ni sifuri. Shakila, lete kitabu cha ajali."

Kitabu kikaletwa. Bi Josephina akakifunua ukurasa baada ya ukurasa. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na neno moja: Hakuna. Hakuna. Hakuna. Wino mmoja, mwandiko mmoja, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

Akafika mahali akasimama.

"Meneja, hapa pameandikwa tarehe thelathini Februari, hakuna ajali."

"Siku hiyo nilikuwepo mwenyewe," Dastani akasema. "Kazi ilikwenda salama kabisa."

"Naamini. Tarehe hiyo hajaumia mtu dunia nzima."

Mtu mmoja kwenye kundi la njano akacheka, akajifanya anakohoa. Dastani akaanza kutoa jasho.

Walipofika kwenye mtungi wa kuzimia moto, mkaguzi aliugonga kwa kalamu, akanusa, akakwangua rangi nyekundu kwa ukucha. Chini ya nyekundu kulikuwa na bluu. Ulikuwa mtungi wa gesi ya kupikia.

"Huu ukiusogeza kwenye moto, meneja, kiwanda chote kitazimika."

Akaandika.

Dastani akamvuta pembeni, akashusha sauti ikawa ya harusini. "Mheshimiwa, umetoka mbali. Kuna mfuko wa korosho daraja la kwanza, nimeshauweka kwenye gari lako. Za watoto."

"Ahsante kwa kunieleza," Bi Josephina akasema, na kalamu ikatembea. "Hilo ni kosa la tisa."

Ndipo Dastani alipokosea. Mpaka hapo alikuwa mwongo, na mwongo ana njia nyingi za kutokea. Lakini hasira ilimpanda, na hasira ya bosi mbele ya wafanyakazi wake haina breki.

"La tisa! La tisa la nini?" akafoka. "Glovu, glovu! Bibi zetu walibangua korosho wakiwa na glovu? Mafuta haya ni dawa! Mimi mwenyewe yananikaza ngozi! Hawa watu wanadeka tu!"

Akakunja mikono ya shati. Akachota konzi mbili za korosho zilizotoka kuchemshwa kwa mvuke muda uleule, zikifuka, akazipasua juu ya meza kwa kijirungu, moja, mbili, tano, kumi, mafuta meusi yakimrukia vidoleni na kumtambaa mpaka kwenye saa yake ya dhahabu.

"Mnaona? Mnaona? Iko wapi hatari?"

Wabanguaji waliijua hatari ilipo: ilikuwa njiani, inakuja taratibu.

Dastani akajifuta jasho la uso kwa kiganja.

"Yaa salaam," mama mmoja akasema kwa upole.

Kwanza akapepesa jicho. Kisha akapepesa yote mawili. Kisha akasimama akitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. Uso ukaanza kuiva, paji likatoka michirizi myekundu pale vidole vilipopita, na sauti iliyomtoka haikuwa ya bosi.

"Maji! Maji, jamani, nakufa!"

Bomba likafunguliwa, likapiga mluzi. Halikuwa na maji tangu Idi. Sanduku la huduma ya kwanza likafunguliwa: ndani kulikuwa na majani ya chai, sukari robo, na kikombe cha Dastani mwenyewe.

Ni Rabia aliyemwokoa macho. Rabia wa Chiola, mmoja wa wale kumi na sita wa stoo, mbanguaji wa miaka mingi, mwenye viganja vilivyobadilika rangi kama magome. Alikuwa na dumu lake la maji ya kunywa. Akamkalisha bosi chini, akamwinua kidevu kama mtoto anayeogeshwa, akammiminia macho mpaka dumu likaisha. Shakila akaleta mafuta ya ufuta ambayo wanawake hujipaka kabla ya kazi, akayamwaga bakulini, akamwingiza mikono.

"Andika!" Dastani akalia, machozi yanamtoka. "Shakila, andika kwenye kitabu! Nimeumia kazini! Nataka matibabu, nataka fidia, hii ni ajali!"

Shakila alikishika kitabu kipya. Akatazama mstari wa leo. Dastani alikuwa ameshaujaza tangu jana.

"Bosi, hapa pameandikwa hakuna."

"Futa!"

Hapo ndipo ilipotoka sauti ambayo hakuna aliyeitegemea.

"Bosi," Ignasi akasema, ubao bado kifuani. "Si ulikuwa unachanja kuni nyumbani?"

Jengo zima likalipuka kwa kicheko. Waliokuwa na glovu wakazivua na kuzipiga mezani. Hata wale hamsini waliokuwa wakipalilia palipokwisha kupaliliwa wakachungulia madirishani kuuliza kuna nini.

Ignasi hakucheka. Akauweka ubao chini, akafungua kitambaa kwa mkono mzima, akauinua ule wa kulia mbele ya mkaguzi.

"Mama, nilikudanganya. Mashine namba tatu, Ijumaa, saa tano asubuhi. Shakila ndiye alinifunga. Karatasi ya kuni nimetia dole, lakini kusoma sikuisoma. Dole lenyewe ni kati ya vidole vitatu vilivyobaki."

Bi Josephina hakuandika mara moja. Aliutazama mkono ule muda mrefu. Kisha akavuta karatasi mpya.

Msomaji, ungedhani hapa ndipo vigelegele vinapoanza. Ngoja.

"Mashine namba tatu naifunga kwa lakiri sasa hivi," mkaguzi akatangaza. "Faini itakuja kwa kila kosa. Na kuanzia saa hii, asiye na glovu habangui. Makosa yaliyobaki nayapeleka kanda, majibu ndani ya wiki mbili."

Dastani, mikono bakulini, akainua kichwa. Alikuwa ameungua, lakini kupiga hesabu alikuwa bado anaweza.

"Kwa hiyo wenye glovu wanaendelea?"

"Wenye glovu, ndiyo."

"Basi mmesikia!" akapaza sauti. "Ishirini na wanne, kazini! Lori linafika jioni! Wengine nendeni nyumbani mpaka niwaite. Na msinilaumu mimi, mlaumuni aliyefungua mlango."

Kicheko kikakatika kama kamba.

Wa kwanza kugeuka alikuwa Rabia yuleyule, dumu tupu mkononi.

"Umetuponza, Shakila! Watu sitini na sita! Nyumbani tukale glovu?"

"Rabia, dada yangu, mlikuwa mnakufa humo ndani…"

"Tungetoka! Siku zote si tunatoka? Wewe una stoo yako, una kiti. Mimi nina hii mikono, na sasa hata hii umenifungia!"

Wengine wakaitikia. Shakila akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango alioufungua mwenyewe. Wale aliowatoa kwenye salfa walikuwa wanamtazama kama yeye ndiye salfa. Rabia hakusema uongo.

Na mabaya hayaji peke yake.

"Kabla sijaondoka," Bi Josephina akasema, akipekua faili, "nahitaji sahihi ya afisa usalama wa kiwanda. Yuko wapi?"

Tabasamu likarudi kwenye uso wa Dastani, likapanda taratibu kwenye ngozi iliyoungua.

"Si huyo hapo, mheshimiwa."

Kidole chake, kinachodondosha mafuta ya ufuta, kilimwelekea Shakila.

"Mimi?"

Mkaguzi akatoa fomu. Jina: Shakila Mchopa. Cheo: Afisa Usalama. Chini yake sahihi, ile S yenye mkia aliyojifunza shuleni. Shakila akakumbuka: msimu wa mvua, Dastani kaingia stoo na karatasi tano, "saini hapa na hapa, ni za sabuni." Sabuni haikuja. Kumbe kilichokuja ni cheo.

"Mimi ni meneja tu," Dastani akasema kwa unyenyekevu. "Mambo ya usalama nilimkabidhi mtaalamu. Kama kuna kesi, mheshimiwa, ianze na mwenye dhamana. Sheria ni msumeno."

Bi Josephina akamtazama Shakila, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na huzuni.

"Dada, nakuuliza mara moja tu. Sahihi hii ni yako, au si yako? Ikiwa ni yako, jina lako linaingia kwenye mashtaka pamoja na la kiwanda."

"Kataa!" mtu akapiga kelele. Alikuwa Rabia. "Sema si yako, Shakila! Sema kaighushi!"

Shakila alimtazama Rabia, akaona hasira yake haikuwahi kuwa ya chuki. Akatazama mkono wa Ignasi. Akatazama zile jozi ishirini na nne za glovu zilizolala mezani.

"Mheshimiwa," akasema, "kabla sijajibu. Afisa usalama ana madaraka gani?"

"Anaweza kusimamisha kazi yoyote ya hatari. Papo hapo."

"Bila ruhusa ya meneja?"

"Bila ruhusa ya mtu yeyote."

Tabasamu la Dastani likasimama njiani.

"Basi sahihi ni yangu," Shakila akasema. "Na kesi nitaijibu. Ila kuanzia sasa hivi, kazi zote kiwandani hapa zimesimama. Hakuna watu ishirini na wanne. Ni tisini wenye glovu, au hakuna hata mmoja. Lori likifika, lipakie upepo."

"Huwezi!" Dastani akaruka, bakuli likayumba. "Nimekufukuza kazi!"

"Nifukuze kesho, bosi. Leo ni afisa usalama, uliniteua mwenyewe."

Mbanguaji mmoja mwenye glovu akazisukuma zake katikati ya meza. Wa pili naye. Wa tatu. Rabia akaweka dumu chini, akaenda kusimama kando ya Shakila bila kusema samahani, bega likigusa bega.

"Unaanza na nini, afisa?" Bi Josephina akauliza, kalamu tayari.

"Boila. Izimwe kwanza boila ya mvuke wa kuchemshia korosho."

Lakini hakuna aliyehitaji kutumwa. Kwenye mlango wa nyuma alikuwa amesimama Mzee Masoudi, mtu wa boila, mzee wa Kimwera kutoka Chinongwe ambaye Kiswahili alikitumia kwa kipimo, kama chumvi. Kofia alikuwa ameivua. Masizi yalimjaa usoni, na kwenye masizi jasho lilichora mifereji.

"Mwanangu," akasema. "Maganda mi sijalisha boila tangu saa nne."

"Vizuri, baba. Umefanya vizuri."

"Si vizuri." Akaelekeza kofia upande wa boila. "Mafuta ya maganda yamejaa kule chini, moto wajilisha wenyewe. Mshale wa kipimo cha mvuke wapanda. Umepita nyekundu."

Bi Josephina akafunga faili. "Na ile valvu ya kutolea mvuke? Si inafunguka yenyewe?"

"Ilikuwa inapiga kelele," Mzee Masoudi akasema. "Bosi kaifunga na waya. Juzi."

"Nje!" Shakila akapiga ukelele. "Wote nje! Rabia, watoe waliolegezwa na salfa! Bosi, waya wa aina gani? Umefungia kwa ndani au kwa…"

Akageuka.

Bakuli lilikuwa palepale sakafuni, mafuta ya ufuta yanacheza. Dastani hakuwepo. Na kutoka upande wa geti, kabla mtu wa kwanza hajafika mlangoni, wote wakasikia mlio wa mnyororo ukivutwa, na kufuli likijibana kwa nje.